Vumbi la Jirani

Chuma kisichoshika kutu hushika kutu. Hilo ndilo jambo la kwanza tulilofundishwa darasani, na ndilo linalowashangaza watu ninapowaeleza ninachosoma. Kijiko cha jikoni, sufuria inayong'aa, mkasi wa daktari: vyote vina kromi ndani yake, na kromi hiyo ikikutana na oksijeni ya hewani hugeuka utando mwembamba mno, usioonekana kwa macho, unaoshikamana na chuma kama ngozi. Utando huo nao ni kutu. Ila ni kutu yenye adabu. Haimeguki, haivimbi, wala haiachi upenyo wa oksijeni nyingine kupita. Chuma kimejipaka dawa chenyewe.

Niko Göteborg, Sweden, mwaka wa tatu sasa. Mama akipiga simu kutoka Chiwata, wilayani Masasi, akitaka kujua nashinda nikifanya nini, humwambia napaka mabati rangi. Si uongo sana. Mabati yangu ni vipande vidogo kama stempu, rangi yangu ni kobalti, na badala ya kuvianika juani navitia kwenye tanuru la nyuzi 800 na kuviacha humo kwa wiki kadhaa. Kisha navitoa na kuvipima uzito kwa mizani inayohisi hata sehemu ya milioni ya gramu. Chuma kikiungana na oksijeni huongezeka uzito, kwa hiyo nikiona uzito umepanda najua kutu imekua. Ukiivua kazi yangu maneno yake makubwa, ni kupima kutu.

Vipande hivyo ni sampuli za bamba linalokaa ndani ya kifaa kiitwacho seli fueli ya oksidi yabisi. Kifaa hiki hutoa umeme kutoka kwenye gesi bila kuichoma kwa moto. Upande mmoja hupita gesi, iwe haidrojeni au gesi asilia kama ile ya Mnazi Bay kule Mtwara. Upande wa pili hupita hewa. Katikati kuna kigae chembamba cha kauri ambacho, kikipashwa joto la kutosha, huruhusu oksijeni ya hewani kuvuka ikiwa imebeba chaji. Ikifika ng'ambo huungana na gesi, na elektroni zinazoachwa hulazimika kuzunguka kwa njia ya nje. Mzunguko huo ndio umeme wenyewe.

Seli moja hutoa chini ya volti moja, haitoshi hata kuchaji simu. Ndiyo maana hupangwa nyingi, moja juu ya nyingine, kama sahani kabatini. Kati ya seli na seli huwekwa bamba. Bamba hilo lipitishe umeme kutoka seli hii hadi ile, na wakati huohuo lizuie hewa ya huyu isikutane na gesi ya yule. Zamani lilitengenezwa kwa kauri ya bei kubwa. Joto la kufanyia kazi liliposhushwa hadi nyuzi 800 au chini yake, ikawezekana kutumia chuma chenye kromi, karibu asilimia 22. Ni rahisi, kinakunjika, kinapitisha umeme, na kina ile ngozi yake.

Matatizo yalianzia kwenye ngozi. Kwenye joto hilo, na katika hewa yenye mvuke wa maji, utando wa kromi hutoa mvuke usioonekana. Mvuke huo husafiri milimita chache tu hadi kwenye seli ya pembeni na kutua mahali hasa oksijeni inapoingilia. Unaziba milango. Siku hadi siku seli inapumua kwa shida, umeme unapungua, na ukipima bamba lenyewe unakuta zima. Chuma kimekingwa vizuri kabisa. Anayekufa ni jirani.

Nilipoelewa jambo hili nilibadilisha namna ninavyoifikiria fani yangu. Nilidhani tunapaka chuma ili kukilinda na dunia. Sehemu kubwa ya kazi ni kuilinda dunia na chuma: kuweka utando juu ya ule utando wa kinga, ili ile kinga isimdhuru mwingine. Moja ya njia zinazotumika ni kupaka kobalti yenye unene wa nanomita 640 juu ya seriamu ya nanomita 10. Unywele wa binadamu ni mnene mara mia moja hivi kuliko tabaka zote mbili kwa pamoja. Ndani ya tanuru kobalti hugeuka oksidi, ikachanganyika na manganizi inayopanda kutoka ndani ya chuma, na kuwa kifuniko kinachopitisha umeme huku kikibana mvuke wa kromi usitoke. Seriamu kazi yake ni kupunguza kasi ya kukua kwa kutu chini yake. Lengo ni bamba lidumu saa 40,000 na kuendelea, yaani zaidi ya miaka minne na nusu bila kuzimwa.

Hapa kuna watu wanaosema kobalti inatosha, wengine wanataka manganizi iongezwe kabla, wengine wanataka kubadilisha chuma chenyewe. Mabishano hayo ni ya kila wiki. Lakini mabishano yaliyonifundisha zaidi kuhusu tando za kinga niliyasikia nyumbani, kwenye paa letu.

*

Chiwata iko ukingoni mwa uwanda wa Wamakonde, upande unaotazama Masasi. Wanaoisoma kwenye vitabu wengi huikuta katika mambo ya vita. Katikati ya Novemba 1917 jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck lilikuwa hapo, likaondoka Waingereza walipokaribia. Siku chache baadaye, tarehe 21 Novemba, puto kubwa la kijeshi L 59 liliruka kutoka Jambol, Bulgaria, likiwa na dawa na risasi za kuwaokoa, likikusudia kutua uwandani kwetu. Lilifika juu ya Sudan likaamriwa kurudi. Kwa hiyo Chiwata ina uzoefu wa muda mrefu wa vyuma vya ajabu vinavyoahidiwa na visifike. Gesi ya Mtwara nayo ina bomba lake hadi Dar es Salaam tangu 2015. Kwetu halikupita.

Kilichofika ni bati. Paa letu liliezekwa kwa fedha za korosho nikiwa darasa la tano, na nakumbuka kwamba kilichomfurahisha Mama kuliko vyote hakikuwa kuondokana na nyasi na nyoka wake. Kilikuwa maji. Juu ya uwanda ardhi ni mchanga unaonywa mvua yote, na tangu zamani wanawake waliteremka mabondeni kutafuta chemchemi na kupanda tena na mtungi kichwani. Sisi wa ukingoni tuna nafuu kidogo, lakini maji yanayotoka kwenye paa, yakapita kwenye gata na kuingia kwenye simtanki, ndiyo maji ya kunywa ya nyumba nyingi msimu wa mvua na miezi kadhaa baada yake. Paa likiharibika, kisima kimeharibika.

Julai ya mwaka jana nilikwenda likizo, nikamkuta Mjomba juu ya ngazi. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno, na Mjomba alikuwa amekwisha kutoa neno lake. Paa upande wa kusini lilikuwa na madoa mekundu, na kwenye misumari bati lilikuwa limetoboka. Upande wa kaskazini bati lilelile, la siku ileile, kutoka duka lilelile, lilikuwa bado la kijivu.

"Unaona?" akaniambia kutoka juu. "Msomi, panda uone mwenyewe kazi ya mzee wako."

Aliyemwita mzee wangu ni jirani yetu wa kusini, mtu ninayemwita Babu tangu nilipojua kusema. Mikorosho yake mikubwa inapakana na kiwanja chetu, na kila mwaka kuanzia Juni, maua yanapochanua, huipuliza salfa.

*

Kwa asiyejua: mkorosho una ugonjwa wa ukungu mweupe unaoitwa ubwiriunga, unaokausha maua na vichipukizi. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho. Kufika 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi. Watu walihamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, na bei ilikuwa mbaya. Lakini ubwiriunga ulikuwa miongoni mwa sababu kubwa, na kilichosaidia kuirudisha korosho ni unga wa njano unaopulizwa kwa mashine alfajiri, kabla upepo haujaamka, umande ukiwa bado kwenye majani ili unga unate. Utafiti wake ulifanywa hukohuko kusini, kituo cha Naliendele. Mtu wa Masasi au Newala aliyesoma kwa ada ya korosho, amesomeshwa na salfa.

Lakini unga haujui mpaka wa shamba. Wingu la njano hupanda juu ya mti, jua likichomoza upepo wa kusi hulisukuma, na linatua linapotua. Kwetu lilitua juu ya paa, kwenye mabonde ya bati, na kukaa humo tangu Juni mpaka mvua za mwisho wa mwaka. Salfa kavu peke yake haina haraka. Ikipata unyevu na muda, hewa na bakteria huigeuza polepole kuwa asidi. Ni jambo hilohilo wataalamu wa udongo wamelieleza kuhusu mashamba ya korosho, kwamba miaka mingi ya salfa huongeza asidi ardhini.

Nilipanda ngazi. Sikuwa na darubini wala mizani, lakini bati lilisomeka.

Bati la kawaida ni chuma kilichovishwa zinki, ufundi uliopewa hataza Ufaransa mwaka 1837. Zinki hukinga chuma kwa njia mbili. Kwanza hutengeneza ngozi yake, kwa msaada wa hewa na mvua, ile rangi ya kijivu iliyofifia unayoiona baada ya miezi michache. Pili, hata ikikwaruzwa chuma kikaonekana, zinki iliyo karibu ndiyo inayoliwa kwanza, chuma kikabaki salama. Zinki inakufa kwa niaba. Lakini ngozi ile ya kijivu haivumilii asidi. Asidi ikija, ngozi inayeyuka, mvua inaisomba, zinki inajivika nyingine, nayo inayeyuka. Penye hewa safi ya kijijini zinki hupungua chini ya maikromita moja kwa mwaka. Penye salfa nyingi hewani inaweza kupungua maikromita mbili hadi nne.

Sasa piga hesabu. Bati bora la daraja liitwalo Z275 huvishwa gramu 275 za zinki kwa kila mita ya mraba, pande zote mbili zikihesabiwa pamoja. Hiyo ni maikromita 20 hivi kila upande. Mabati ya bei nafuu hupewa zinki kidogo sana kuliko hiyo. Dukani sisi huuliza geji tu, 32, 30 au 28, tukijua kwamba namba ikiwa kubwa bati ni jembamba. Geji inakwambia unene wa bati. Haikwambii limevaa nini. Bati nene lenye shati jepesi linaweza kuoza kabla ya bati jembamba lililovaa koti.

Nilimweleza Mjomba haya yote tukiwa juu ya kenchi. Alisikiliza, kisha akasema jambo moja: "Kwa hiyo ni yeye."

*

Jioni ile tulikwenda kwa Babu, Mjomba mbele, Mama katikati, mimi nyuma. Mama hakutaka kwenda. Mjomba alitaka jirani alipe nusu ya bei ya mabati mapya, la sivyo shauri liende ofisi ya kijiji.

Tuliamkia, tukakaribishwa mkeka na viti, tukauliziana hali za watoto na mashamba. Mjomba akaeleza. Alieleza vizuri, lazima nikiri, na alinitumia mimi kama kielelezo: huyu mtoto amesoma Ulaya, ameliona bati kwa macho yake, anasema ni salfa. Babu hakukatiza. Alipomaliza, Babu alimgeukia Mama.

"Mama, ile mikorosho yako minne ya nyuma ya nyumba, msimu uliopita ilitoa?"

"Ilitoa, Mzee."

"Na msimu wa kabla yake?"

"Ilitoa."

"Salfa ulinunua wapi?"

Mama aliinamisha uso akacheka kidogo, ule ucheko wa mtu aliyekuwa akilisubiri swali. Hakununua. Miaka miwili hakununua hata mfuko mmoja. Mfuko una bei, mashine ya kupulizia ina mafuta na kijana wa kuibeba, naye yuko peke yake. Lile vumbi lililokuwa likila paa ndilo lililokuwa likiponya maua yake, na fedha ya korosho za miti ile minne ndiyo iliyonunua daftari za wadogo zangu. Alikuwa akijua wakati wote. Ndiyo maana hakutaka twende.

Mjomba alinyamaza. Na mimi nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa nimelisikia shauri hili mahali pengine, kwenye nyuzi 800. Huwezi kuliondoa kromi kwenye chuma eti linamdhuru jirani, kwa maana bila kromi hakuna chuma. Na huwezi kumwambia mtu aache salfa, kwa maana bila salfa hakuna korosho, na bila korosho hilo bati lenyewe lingenunuliwa na nini? Kinachobaki ni kutafuta kitu chembamba cha kuweka katikati, na kukubaliana nani atakilipia.

Tulikaa mpaka giza likaingia. Makubaliano yenyewe hayakuwa na ajabu. Upande wa kusini tungeezeka upya, kwa bati lililovishwa mchanganyiko wa alumini na zinki na kupakwa rangi juu, maana rangi ni ngozi ya tatu. Bei ingekuwa yetu. Babu angemtuma kijana wake apande na fagio laini baada ya kila mzunguko wa salfa, asubuhi paa likiwa kavu, amefunga kitambaa puani na mdomoni, afagie mabonde yote ya bati mpaka safi. Gata ingetolewa kwenye tanki tangu Juni, na mvua ya kwanza ya msimu ingeachwa imwagike chini, hata kama ndoo zote zingekuwa tupu. Na kwa kuwa vumbi lina faida yake, Mama angempa Babu debe moja la korosho kila msimu.

"Debe la shukrani," alisema Mama.

"Debe la salfa," alisema Babu.

Hawakuafikiana jina. Debe lilipelekwa Novemba.

*

Likizo ile nilikuwa nikitazama mikono ya Mama kuliko kawaida. Mama ni mbanguaji. Korosho nyingi za kwetu huenda mnadani zikiwa na maganda yake, hupanda meli Mtwara na kubanguliwa India na Vietnam, lakini nyumbani hubaki kiasi cha kula na kuuza barabarani. Huzikaanga juu ya kipande cha bati kuukuu kilichotobolewa matundu, mpaka zinashika moto na kutoa moshi mweusi unaouma macho. Kisha huzimwaga mchangani na kuzigonga moja moja. Mikono huipaka majivu au mafuta kwanza, kwa sababu ndani ya ganda mna mafuta mazito yanayounguza. Hata hivyo ncha za vidole vyake ni nyeusi, na ngozi ya kidole gumba imekuwa ikibanduka tangu nikiwa mdogo.

Mafuta hayo ni kinga ya mkorosho. Mti umeiweka mbegu yake ndani ya ganda linalomchoma kila anayetaka kuila, panya, mdudu na binadamu. Ni kama robo ya uzito wa ganda. Nimekutana nayo tena Sweden, kwenye kitabu cha rangi za kukinga chuma. Mafuta ya maganda yakipashwa joto hutoa kaboni dayoksaidi na kubaki na kitu kiitwacho kadanoli, na kutokana na kadanoli viwanda hutengeneza kigumishi cha rangi za epoksi. Kinasifiwa kwa sababu rangi yake inakauka hata kwenye baridi, hata juu ya chuma chenye unyevu, na inastahimili maji ya chumvi. Meli hupakwa. Vyuma vya bandarini hupakwa.

Nilikiacha kitabu wazi juu ya meza kwa muda. Korosho hutoka kwetu ghafi, ganda likiwa ndani ya bei ya kilo lakini bila bei yake lenyewe. Huko iendako, kokwa inaenda sokoni, na ganda linakamuliwa kuwa rangi ya kukinga chuma cha watu. Kinachobaki kwetu bila kuuzwa ni vidole vya Mama. Na paa lake linaoza kwa kukosa ngozi nzuri, mita ishirini kutoka kwenye mti unaozaa malighafi ya ngozi hiyo.

Nilimwambia kwenye simu. Alitaka kujua swali moja tu, kama rangi hiyo ikikauka bado inaunguza. Nikamwambia haiunguzi. "Basi wamefanya kazi nzuri," akasema, na kunieleza habari za mahari ya binti wa jirani.

*

Nimeanza kuuliza swali hilohilo juu ya kobalti yangu. Hapa Göteborg kuna rafiki anayetoka Kolwezi, Kongo, na tunaelewana kwa Kiswahili, yeye cha Katanga na mimi changu, kila mmoja akimcheka mwenzake. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka kwao. Baadhi yake huchimbwa na watu wanaoshuka kwa kamba kwenye mashimo waliyochimba wenyewe, mengine chini ya sakafu za nyumba zao. Nilipomweleza kwamba nasoma namna ya kupaka kobalti juu ya chuma ili chuma kisimdhuru jirani yake, alitulia kidogo, kisha akauliza inaingia kiasi gani.

Ni swali zuri, na jibu lake lina hesabu. Utando wa nanomita 640 unahitaji kama gramu sita za kobalti kwa mita ya mraba. Njia nyingine, ile ya kupaka tabaka nene la oksidi ya kobalti na manganizi lenye maikromita 15, inaweza kuhitaji gramu 40 hivi kwa eneo hilohilo. Zote mbili hubana kromi. Kwenye makala nyingi tunazosoma tofauti hiyo huandikwa kama tofauti ya gharama. Kwa rafiki yangu ni tofauti ya ndoo za mawe.

Sisemi tuache kobalti. Anayechimba Kolwezi naye ana ada za kulipa, kama Babu na salfa yake. Ila kwenye jedwali la ripoti yangu kulikuwa na safu mbili, uzito ulioongezeka na kromi iliyotoka. Nimeongeza ya tatu, gramu za kobalti zilizotumika kwa kila saa elfu moja za kinga. Msimamizi wangu aliitazama, akauliza imetoka wapi, nikamweleza habari ya debe la korosho. Aliiacha ibaki.

Jumatatu iliyopita niliingiza tanuruni vipande kumi na viwili vipya. Sita vina kobalti ya unene wa kawaida, sita vina nusu yake. Vitakaa humo saa 3,000, siku 125. Mama naye ameniandikia kwamba kijana wa Babu amemaliza kufagia mzunguko wa pili, na kwamba amedondosha fagio akavunja chungu chake cha maua, na kwamba gata imetolewa. Chini ya ujumbe ameweka picha ya paa. Bado ni jekundu, lakini safari hii ni jekundu la rangi.